Tabaka la Vivuli

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, katika chumba cha juu cha nyumba ya usomaji ya mji wa Dolna Vranitsa, wastaafu tisa walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta sita, na brashi ya mzee Lyuben ilikuwa imegoma kuchora. Alikuwa anatia rangi nyanya. Alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akaipiga meza kibao kama alivyokuwa akiwapiga vibao vyombo vya treni yake enzi za udereva. Nyanya ikabaki nyeupe.

"Imekufa," alisema.

"Haijafa, mzee," alijibu Tsonka Marangozova bila kugeuka. "Kabla hujaitukana mashine, angalia mambo manne. Uko tabaka gani? Na hilo tabaka, katika yale yanayolaliana kama karatasi, lina kufuli? Hukuchukua nyeupe ukapaka juu ya nyeupe? Na hukuzungushia kitu ule mstari wa vitone vinavyotembea, halafu ukausahau?"

"Mstari upo. Nimezungushia kikonyo."

"Basi utapaka kikonyo mpaka tukuzike. Uondoe."

Lyuben aliuondoa. Nyanya ikawa nyekundu, na darasa zima likapiga makofi. Lilikuwa darasa la kupiga makofi. Wiki iliyotangulia walimshangilia mama mmoja aliyefanikiwa kuifuta shingo ya bata aliyoichora mara mbili.

Tsonka alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini kati ya hiyo aliitumia kiwandani, akichora vipuri vya matrekta kwa rula na kalamu ya wino, mpaka kiwanda kikafungwa. Programu ya kuchora hakufundishwa na mtu. Alibonyeza kila kitu kimoja kimoja, na kilichoharibika alikitendua. Siku hiyo alikuwa anaelekea kuwaeleza kwa nini picha ndogo haikubali kunyooshwa ikawa kubwa bila uso kugeuka viraba viraba, ndipo Lyuben, aliyekaa dirishani, aliposema:

"Tsonka, yule mwanamke wa gauni la njano si wako?"

Tsonka alisogea akatazama chini uwanjani. Mwanamke mwenye gauni la njano alikuwa anakatiza uwanja akivutwa na mbwa mweupe. Nyuma yake alifuata mwanamume na baiskeli, wazee wawili walioshikana mikono, binti mwenye kitabu, na wengine, jumla yao kumi na wawili.

"Ni wangu," alisema.

"Hana kivuli."

Tsonka alivaa miwani ya kuonea mbali. Jua lilikuwa kali, na kila mtu uwanjani alikuwa na kivuli chake, hata mama muuza magazeti, hata pipa la takataka. Wale kumi na wawili hawakuwa navyo. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Jicho," alisema. "Nimesahau kufungua jicho."

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi Machi meya wa mji, Kamen Burdzhev, alimjia Tsonka na sanduku la chokoleti akitaka picha ya uwanja mpya. Mji ulikuwa umepata mradi, na mradi hauwezi kuanza bila bango lenye picha. Tsonka alikubali kwa sharti moja: cheshma iwemo.

Cheshma ni bomba la mawe la kando ya njia. Watu wa huko humjengea marehemu wao maji, ili kila anayepita anywe, aseme "Mungu amrehemu," na alitaje jina lililochongwa. Ile ya uwanjani ilijengwa na baba yake Tsonka, mwashi, mwaka ambao mwanawe Ognyan alirudi kutoka jeshini ndani ya sanduku. Lori lilikuwa limepinduka. Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Mzee alipanga mawe arobaini na matatu, akaweka midomo miwili ya shaba, na katikati akachonga jina. Hakuajiri mtu hata wa kukoroga chokaa. Alipokuwa anakufa alimwomba binti yake jambo moja tu: kila tarehe kumi na tisa Septemba aende anywe pale kwa kinywa chake, amtaje mdogo wake. Tsonka hakukosa hata mara moja, hadi miaka miwili iliyopita manispaa ilipoyabomoa mawe, ikayaandika namba kwa chaki, ikayapakia kwenye lori na kusema yanakwenda kuhifadhiwa. Septemba mbili zikapita kavu. Hii iliyokuwa inakuja ilikuwa ya hamsini tangu Ognyan afe.

"Cheshma itarudi, shangazi," meya alimwambia siku ile ya chokoleti. "Itawekwa kabla ya kitu kingine chochote. Wewe ichore tu."

Akaichora wiki sita, jiwe kwa jiwe. Kisha akaweka watu, maana uwanja mtupu kwenye picha hufanana na makaburi. Aliwatoa katika picha zisizo na mwenyewe, akawakata na kuwapanga, wote akiwageuza nyuso kuelekea cheshma ili jicho la mtazamaji lifike pale pale. Mwanamke wa gauni la njano alimtumia mara mbili, mara ya pili amempindua kulia kushoto, akitumaini hakuna atakayegundua. Mwenye baiskeli alikatwa mwisho, mkono umeshachoka, akabaki na ukingo mweupe kuzunguka nywele. Na kwa kuwa faili lilikuwa zito na kompyuta ilikuwa inahema, Tsonka alifunga kile kijicho kinachoonyesha na kuficha tabaka, akalificha lile la vivuli ili mashine ipumue. Akalituma hivyo hivyo. Jumatatu bango likapandishwa uwanjani. Jumanne watu wake wakashuka.

Darasa zima lilikuwa limeshafika ngazini. Hakuna aliyekumbuka kuzima kompyuta.

Katikati ya uwanja hapakuwa na kitu ila shimo lenye maji ya mvua na bata watatu. Wale kumi na wawili walisimama ukingoni. Mwanamke wa njano akamgeukia mama muuza magazeti.

"Samahani, cheshma iko wapi?" Sauti yake ilikuwa safi na sawasawa, kama ya kutangaza treni.

"Hilo hata sisi tunauliza, dada yangu. Mwaka wa pili sasa. Na hiyo nguo, husikii baridi ukikaa kivulini?"

"Hapana, ahsante."

Kisha wote kumi na wawili wakageuza vichwa kwa pamoja, na mbwa pia, wakautazama mtaa wa Mizabibu unaopanda kilimani. Walikuwa wamechorwa wakiitazama cheshma, basi wakaitazama pale ilipokuwa. Wakaanza kupanda.

Mji mzima ukawafuata. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, na nyuma yake mteja mwenye povu upande mmoja wa shavu. Akina bibi waliokuwa wanachoma pilipili za kuweka kwenye chupa waliziacha ziungue. Walipomwona mwenye baiskeli na ule ukingo mweupe kichwani walifanya ishara ya msalaba. Mmoja akasema ni mtakatifu wa wapi huyo avaaye kaptura. Tsonka akawaeleza kwamba ni haraka tu, alipaswa kuusogeza mstari ndani kidogo kabla ya kukata.

"Na hawa wa njano ni mapacha?" Lyuben aliuliza akihema.

"Ni mmoja. Nimempindua."

"Ndiyo maana hawasalimiani."

Walisimama mbele ya nyumba ya meya. Uzio ulikuwa wa mbao mpya na mrefu, lakini Lyuben naye alikuwa mrefu, na wengine walipanda juu ya tofali. Ndani ya ua, baina ya jiko la kuchomea nyama na kitanda cha kamba, ilisimama cheshma. Midomo yote miwili ilikuwa inatiririka. Meya Kamen, mwenye ndala na suruali iliyokunjwa, alikuwa anaosha pilipili hoho chini ya mdomo wa kushoto.

Aliinua kichwa, akaona nyuso arobaini juu ya uzio. Akaendelea na pilipili aliyokuwa ameishika mpaka ikatakata.

"Ninaihifadhi," alisema. "Mlitaka niiweke wapi, matopeni?"

"Ni ya Ognyan," Tsonka alisema.

"Ya Ognyan, nani amekataa? Jina hilo hapo. Mke wangu analifuta vumbi kila Jumamosi."

"Basi tarehe kumi na tisa unifungulie ninywe."

Meya alijifuta mikono kwenye suruali. Hakuwa mtu wa ukali. "Shangazi Tsonka, wewe nakuheshimu, umenichorea vizuri sana. Lakini hapa ni nyumbani kwa mtu. Leo nikufungulie wewe, kesho atakuja Lyuben na ndoo."

"Nitakuja na ndoo mbili," Lyuben alisema.

"Umeona?" Meya akawageukia wale kumi na wawili waliosimama langoni, nyuso zao zimeelekea maji. "Hawa ni mambo mengine. Hawa ni wa mradi. Kwenye makaratasi wameandikwa, watumiaji wa cheshma. Nikiwazuia, wakaguzi wa Oktoba watanibana. Mityo! Wafungulie wa mradi."

Mityo, shemeji yake, alifungua lango. Aliuliza atawatambuaje siku nyingine, kwa kuwa yeye nyuso humchanganya, hasa za wale wa njano. Meya akafikiri kidogo, akatazama chini.

"Asiye na kivuli apite. Mwenye kivuli abaki nje."

"Lakini lile ni kosa langu," Tsonka alisema. "Nalirekebisha leo hii. Nafungua jicho, tunachapisha upya, kila mtu anapata kivuli chake, tena vyote upande mmoja, kama inavyotakiwa."

"Usiguse kitu!" meya alisema, na hapo tu ndipo alipopandisha sauti. "Umeshamaliza kazi. Faili limefungwa."

Wale kumi na wawili waliingia, wakanywa kwa viganja mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja, kwa ile sauti ya kutangaza treni, akasoma kilichoandikwa kwenye jiwe: "Mungu amrehemu Ognyan." Kumi na wawili. Mbwa alikunywa bila kusema. Nje ya uzio watu walipiga makofi. Kinyozi alisema tangu enzi za sarakasi hajaona kitu kizuri namna hii. Tsonka hakupiga makofi. Alikuwa ameushika ubao wa uzio kwa mikono miwili, anayahesabu mawe. Jiwe la kumi na saba walikuwa wamelipindua juu chini.

Siku tisa zilizofuata mji haukulala mchana. Watu wa mradi walitoka kwenye bango kila asubuhi na kurudi jioni, na ratiba yao ikawa inajulikana kuliko ya basi. Mtu alimpatia binti mwenye kitabu kitabu kingine, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa na kurasa mbili tu, zile zilizoonekana. Padri alisema hana pingamizi. Suala la kuyarudisha mawe uwanjani lilizungumzwa mara moja katika foleni ya mkate, likaonekana refu, likaachwa.

Alhamisi, tarehe kumi na nane, Tsonka alimwita Lyuben kwenye nyumba ya usomaji na kamera.

"Nipige picha hapa mlangoni. Nzima, miguu ionekane. Usilizibe jua, nataka kivuli kionekane vizuri."

"Nitabasamu?" Lyuben aliuliza.

"Wewe unapiga. Mimi ndiye sitabasamu."

Akapiga. Walipanda juu, wakaifungua picha, na Tsonka akasogeza uso karibu na skrini. Kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye ngazi tatu, kimevunjika mara tatu, kirefu kuliko yeye. Alichukua kifutio akapitisha. Hakikufuta. Akapitisha tena.

"Imekufa," alisema.

"Haijafa, mama," Lyuben alijibu, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya miezi mingi. "Kabla hujaitukana mashine, angalia mambo manne. Uko tabaka gani?"

"Nyamaza."

"Lina kufuli?"

Tsonka akatazama. Kikufuli kidogo kilikuwa kimekaa pembeni ya tabaka, kama kinavyokaa kila picha inapofunguliwa, na kama alivyowaambia wenzake kila Jumanne kwa miaka minne. Akakibonyeza kikatoka.

"Kusema kweli," Lyuben alisema, "mwalimu wangu ni mkali lakini anajua."

Lakini sasa hakukifuta kile kivuli, maana kilichofutwa hakirudi. Alijikata mwenyewe kwa ile kalamu ya nukta, nukta baada ya nukta, kuanzia kisigino, akazunguka sketi, akapanda bega, akafika kwenye nywele na kupunguza mwendo. Saa mbili nzima. Mstari aliusogeza ndani kidogo ili asitoke na ukingo mweupe, kwani mjini kwao mtakatifu mmoja alitosha. Kisha kivuli nacho akakikata, akakiweka kwenye tabaka lake peke yake, akaliandika jina "mimi, cha asubuhi," akahifadhi nakala kwa jina jingine. Halafu akalifunga jicho. Kivuli kikatoweka kwenye skrini. Lyuben akatazama sakafuni chini ya kiti cha Tsonka, akaona bado kipo.

"Mpaka kibandikwe," Tsonka alisema. "Wale nao walishuka bango lilipopanda."

Walimchapisha kwa ukubwa wake katika karatasi sita, wakaziunganisha kwa gundi ya unga. Saa saba mchana, mji mzima ukiwa mezani, Lyuben alipanda ngazi ya mbao akambandika kwenye pembe ya chini ya bango, ameelekea cheshma. Kwa kuwa Tsonka mwenyewe alikuwa tayari yupo, hakushuka mwingine. Alipotoka kwenye kivuli cha bango na kuingia juani, alitazama nyuma yake. Mawe ya uwanja yalikuwa meupe matupu.

"Unajisikiaje?" Lyuben aliuliza.

"Mwepesi. Kama nimevua koti." Kisha akacheka, kicheko ambacho Lyuben hakuwahi kukisikia kwake, akashika sketi akazunguka mara moja, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, katikati ya uwanja, na bata watatu wakamtazama.

Ijumaa asubuhi alivaa blauzi nyeupe ya harusini na kupanda mtaa wa Mizabibu. Alikaa kwenye foleni nyuma ya mbwa. Langoni Mityo alikuwa na ufagio. Alifagia ardhi kila baada ya watu watatu ili aone vizuri.

"Habari za asubuhi, shangazi Tsonka," alisema.

"Nzuri, Mityo. Mama yako goti limepoa?"

"Anaendelea. Anasema ahsante kwa ile marhamu." Mityo aliinama akatazama ardhi mbele yake, nyuma yake, kushoto na kulia. Akafagia tena pale pale. Akatazama tena. "Pita," alisema.

Tsonka akapita. Maji yalikuwa ya baridi ile ile, inayouma meno. Alikinga viganja chini ya mdomo wa kulia, aliokuwa akiutumia tangu akiwa na miaka ishirini na mmoja, akanywa mara tatu. Kidole chake kilifuata jina lililochongwa, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Mungu amrehemu Ognyan," alisema. "Hamsini, mdogo wangu. Mbili unanidai, samahani."

Nyuma yake wale kumi na wawili wakarudia kwa sauti zao safi, mmoja mmoja, na mwisho akarudia Mityo kutoka langoni, kwa mazoea.

Meya alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba anakunywa kahawa. Alimtazama Tsonka usoni, kisha miguuni, kisha akakoroga kahawa.

"Jiwe la kumi na saba mmelipindua," Tsonka alimwambia.

"Tumeona, shangazi. Limewekwa kwenye awamu ya pili."

Jumanne iliyofuata darasa lilikuwa na watu thelathini kwa kompyuta zile zile sita. Kila mtu alileta picha yake aliyopigwa juani, miguu ikionekana. Kulikuwa na kelele za kufurahisha sana. Mama muuza magazeti alijikata vibaya akatoka bila kisigino kimoja, akatendua, akajikata upya. Kinyozi alitaka pia apunguzwe tumbo, na Tsonka akamwambia hilo ni somo la mwezi Novemba. Lyuben alipanda na kushuka ile ngazi ya mbao mara ishirini na tisa, kisha akajibandika mwenyewe. Jumatano akaenda na ndoo mbili.

Wakaguzi walikuja Oktoba. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na walipelekwa moja kwa moja mtaa wa Mizabibu. Waliikuta cheshma inatiririka. Waliwakuta watumiaji arobaini na watatu, ilhali makaratasi yaliahidi kumi na wawili, na wote wakasema maji ni mazuri. Katika ripoti uwanja ulitajwa mara moja, kama mahali pa kuwekea bango. Meya alipewa kibao cha shaba, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine penye msumari, alikitundika kwenye cheshma, juu kidogo ya jina. Shimo la uwanjani liliongezeka maji, na bata wakafika watano.

Asubuhi moja ya Novemba mzee mmoja mgeni, aliyejiunga na darasa kutoka kijiji cha jirani, aliinua mkono, nyanya yake ikiwa bado nyeupe.

"Mwalimu, na mtu akikitaka kivuli chake?"

"Hujakifuta, umefunga jicho tu. Unalibonyeza, unachapisha upya, kinarudi."

"Na wewe chako utakifungua lini?" Lyuben aliuliza kutoka dirishani.

Tsonka alitazama mtaa wa Mizabibu. Foleni ilikuwa inapanda kilimani polepole katika jua la asubuhi, watu na mbwa, na barabara chini yao ilikuwa safi kabisa.

"Watakapoligeuza lile jiwe," alisema. Kisha akamwendea yule mgeni, ambaye nyanya yake ilikuwa imegoma kuwa nyekundu, na kumuuliza yuko tabaka gani.